Funda la Maji Mpakani

Mjukuu wangu anataka kwenda kutembea nchi za watu. Si kusoma wala kutafuta kazi, kutembea tu: apige picha, ale vya huko, arudi. Juzi alipanda mlimani kwetu Chawia kuniaga, akanisomea kwenye simu masharti ya kuingia huko, kwa furaha, utadhani anasoma kadi ya harusi. Pasipoti isiyokaribia kuisha. Barua ya mwajiri. Barua ya mahali atakapolala. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Alipofika hapo kwenye chanjo nikamwambia anyamaze kwanza.

"Nyanya, ni karatasi tu hizi," akasema, akacheka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu anayecheka ukimweleza jambo haliingii. Lakini tangu siku hiyo naiona tena ile barabara ya Taveta na ule mti uliolazwa katikati yake, na ninaogopa vilevile nilivyoogopa nikiwa msichana wa mtoto mmoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hali ya hatari imetangazwa. Vita vyenyewe vilikuwa mbali nasi, huko bara, lakini hofu haikuhitaji kibali cha kusafiri. Gari la polisi likisikika linapanda mlima, watu waliokuwa wamesimama kupiga gumzo walitawanyika, kila mmoja akakumbuka kazi yake shambani. Neno lililotisha kuliko bunduki lilikuwa kiapo. Ukikutwa na wenzako, chombo kiko katikati, mtu ananuiza maneno kwa lugha asiyoijua askari, basi mmekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na maelezo mtayatoa mkishafika selo.

Wakati huo ndipo mwanangu wa kwanza, msichana, alipoacha kunyonya. Hakuwa na homa wala hakuharisha. Ukimpa titi aligeuza uso, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka na mazungumzo. Dispensari walimpa dawa ya chupa, akaitema. Maziwa yangu yalinijaa mpaka yakalowesha nguo, na yeye akawa anapungua mikononi mwangu, na mimi usiku na mchana nilikuwa naweka kiganja puani pake kuona kama anapumua. Mume wangu alikuwa Mombasa, kazini bandarini. Nilikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa safu ya mbele, na mganga kwake alikuwa jina la kutemea mate. Basi alipotoka asubuhi moja bila kuaga na kurudi jioni bila kunitazama usoni, nilijua alikokwenda, na nikajua pia kwamba mtoto wangu anakufa. Akasema, "Nimeambiwa kuna moyo wenye hasira juu ya huyu mtoto. Moyo wenyewe uko mbali. Ni wa baba yako."

Lazima nieleze, kwa maana hata vijana wetu wa Dawida, sisi Wataita, siku hizi hawajui. Kwetu hasira ya mzazi si maneno wala kofi. Inaweza kukaa moyoni ikafanya kazi yenyewe, mwenye moyo akiwa amelala fofofo, asijue lolote, na ikaangukia aliye mdogo kuliko wote. Dawa yake ni moja, nayo ni kutasa. Mwenye moyo anachukua funda la maji au la pombe ya miwa, anampulizia mgonjwa, anasema maneno ya heri kwa sauti, na hasira inatoka pamoja na maji. Hapana mtu mwingine awezaye kumfanyia. Na nilivyofundishwa, akilimeza lile funda amemeza hasira yake tena, na safari hii inakaa kwa nguvu zaidi.

Nami nilikuwa na sababu ya kuamini. Baba alikuwa seremala kwenye shamba la kahawa upande wa Tanganyika, mbele ya Taveta. Nilipoolewa hakuwapo, ni baba yangu mdogo aliyepokea mbuzi na kula nyama. Tulimpelekea baba habari ya ndoa, kimya. Tukampelekea habari ya mtoto, kimya. Nikaona wazi kwamba amekasirika. Ningekuwa mimi ningekasirika, tena sana, na ninajijua: mimi hasira zangu hazingojei kuulizwa.

Basi ilibidi nivuke mpaka. Huku Malkia, huko Malkia, yule yule mmoja, lakini katikati wameweka mti. Kuupita ule mti kulitaka barua ya chifu yenye kueleza wewe ni kabila gani na unakwenda kwa nani, kibali cha ofisi ya Voi chenye mhuri, na chanjo ya ndui, kwa sababu ndui ilikuwa inasemwa iko njiani na kila upande uliuogopa upande mwingine. Tulishuka Mwatate kwa miguu, tukapata lori, tukapitia Mraru katika vumbi, tukafika Voi. Ofisini niliulizwa mara mbili kama kweli mimi si Mkikuyu. Mara ya pili nilitaka kumjibu yule mwulizaji vibaya, mama mkwe akanifinya paja.

Chanjo tulipigwa chini ya bati, kwenye msururu. Dakitari alimtazama mtoto akasema huyu ni dhaifu mno, hachanjwi, akamwandikia hivyo. Mimi akanikwaruza mkono wa kushoto, akapaka dawa yake, akanipa cheti, akaniambia nisiufunike wala nisiuguse mpaka utoe lengelenge. Nikashukuru. Hatujafika mbali mama mkwe akanivuta nyuma ya duka, akatoa limau kwenye kishungi cha leso, akalikata kwa meno na kunisugua mkono mpaka nikapiga kelele.

"Dawa ile inachemsha damu," akasema. "Damu ikichemka maziwa yanaoza. Unataka huyu akikubali kunyonya anyonye usaha?"

Mlimani kwetu akina mama wengi walifanya hivyo. Ukishachanjwa unapita kwa mwenye limau au majivu, unafuta, unabaki na cheti bila ugonjwa wa cheti. Tuliona ni werevu mkubwa. Cheti si kimeandikwa? Nilikunja leso juu ya mkono unaoniwasha, na siku nyingine, treni ya Taveta ilipokuja, mama mkwe akarudi nyumbani kwenye mbuzi wake na mimi nikapanda na mwanangu.

Kutoka Voi mpaka Taveta ni nyika tupu. Treni ilikwenda polepole, ikasimama pasipokuwa na mtu, ikaendelea. Kila iliposimama nilifikiri ni askari. Nilikuwa nimezifunga karatasi zangu kifuani, na kila nilipoinama kumtazama mtoto zilikwaruza, na sauti ile ndogo ilinitia hofu mpya, kana kwamba zinachanika zenyewe. Mtoto alikuwa halii tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Taveta tulishushwa wote wanaovuka. Karani wa afya alikuwa mtu wa pwani, mwenye kofia ya viua na kanzu nyeupe chini ya koti la kazi, mpole wa maneno na mgumu wa moyo, au ndivyo nilivyomwona. Alisoma barua ya chifu. Akasoma kibali. Akasoma cheti. Nikaanza kupumua. Kisha akasema, "Haya mwanangu, hebu nione huo mkono."

Nikaukunjua. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba umekauka, kama uliochunwa na mwiba.

"Chanjo haikushika," akasema.

"Cheti hicho hapo mkononi mwako."

"Cheti nimekiona. Wale wa ng'ambo hawaangalii cheti, wanaangalia mkono. Karatasi kila mtu anayo. Usingekuwa umefuta, sasa hivi pangekuwa pamevimba." Akanitazama. "Limau au majivu?"

Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshikwa, na hasira ikanikimbia palepale ikaniachia hofu peke yake. Nikamwambia mtoto anaumwa. Nikamwambia babu yake yuko pale tu, nyuma ya ile migomba. Nikapiga magoti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mwanamume yeyote, hata kwa mahari. Karani akaniinua. Akasema atanichanja upya, nami nitangoja mkono uumuke, juma zima au zaidi, ndipo nivuke. Akanichanja. Akasema pole. Nikamtazama mwanangu, nikaona hana juma.

Mama mmoja Mtaveta, mwenye kuuza ndizi, alikuwa amekaa na vikapu vyake akisikia yote. Mume wake alikuwa amekufa, nyumba yake iko karibu na stesheni, akanichukua. "Njoo ulale kwangu, mwanangu. Mimi navuka kila siku ya soko, wananijua. Huyo baba yako ndiye yule fundi Mtaita anayetengeneza vitanda? Nitamwambia."

"Akikataa kuja?"

"Mbona akatae?"

Nikainama kumfunika mtoto. Kama baba angekataa, ingekuwa hasira imethibitika, na mwanangu basi tena. Yule mama akavuka na ndizi zake na ujumbe wangu, na mimi nikabaki ndani ya nyumba ya watu, mtoto kifuani, mkono ukianza kuuma na kuvimba safari hii, nikihesabu pumzi za mtu mwingine. Niliogopa baba asije. Nikaogopa pia aje, kwa maana angekuja na nini? Yeye naye hakuwa na kibali cha kuingia Kenya. Fundi wa shamba akiomba ruhusa anaambiwa angoje mwisho wa mwezi.

Baba alikuja asubuhi, siku ya soko iliyofuata. Yule mama alikuja mbio kuniita, tukashika barabara mpaka kwenye ule mti. Upande wa huku kulikuwa na kibanda cha askari, na askari mwenyewe kijana wa bara, mrefu, amechoka na jua. Watu walipita mmoja mmoja. Na ng'ambo, amesimama pembeni asiwazuie wenzake, nikamwona baba yangu. Shati la kaki. Vumbi la mbao kwenye nywele, au ni mvi, sikujua. Mfukoni ana chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.

Nilisogea mpaka mti ukanigusa tumbo. Naye akasogea. Hatukusalimiana. Alimtazama mtoto, uso wake ukabadilika, akasema kwa Kidawida, "Mfunue."

Nikamfunua. Akang'oa gunzi, akapiga funda, mashavu yakajaa. Ili maji yamfikie mtoto alilazimika kuinama juu ya mti, na alipoinama, kichwa chake na mabega yake yakawa Kenya.

"Wewe mzee!" Askari alikuwa amefika. "Unafanya nini hapo? Hiyo maji ni ya nini?"

Baba hakujibu. Angejibu vipi? Kinywa kimejaa.

"Nasema hiyo maji ni ya nini? Mnakula kiapo hapa, mbele yangu?"

"Ni babu yake," nikasema. "Mtoto ni mgonjwa, ni kumwombea tu."

"Nyamaza wewe! Mzee, meza hiyo maji! Meza halafu uongee!"

Akainua bunduki. Watu wa soko wakarudi nyuma, ndizi zikamwagika. Nimeshaogopa mengi tangu siku ile, kuzaa, kuzika, lakini hofu kama ile sijaijua tena. Baba akimeza, mwanangu anakufa. Asipomeza, anakufa yeye. Na mimi kati ya wale wawili sikujua niombe nini, na Mungu anisamehe, niliomba asimeze. Macho yake yalikuwa machoni mwangu, karibu kabisa, nikaona mishipa myekundu ndani yake. Koo lake halikutikisika.

Akapuliza.

Maji yakampiga mtoto usoni na kifuani, mengine yakanirukia mimi, mengine mkono wa askari. Na papo hapo baba akaanza kusema kwa haraka, kwa sauti, apone, anenepe, anyonye, awe na watoto, moyo wangu ni mweupe kwake na kwa mama yake. Hakumaliza. Askari alimshika ukosi, akamvuta juu ya mti, na miguu yake ambayo ilikuwa Tanganyika ikaingia Kenya kwa nguvu. Hilo nalo wakalitia katika makosa: kuingia nchini bila kibali.

Walimtia kibandani. Kulikuwa na askari mwingine ndani. Nilisikia swali, kisha sauti ambayo si ya mtu kuongea, kisha swali lile lile. Nilikaa chini kwenye vumbi nje ya mlango. Yule mama wa ndizi alikuwa amekwisha kukimbia kuelekea stesheni, leso zake mkononi.

Mtoto alikuwa analia. Maji ya baridi yalikuwa yamemshtua na analia kwa hasira, kilio kikubwa nilichokuwa nimekisahau, na katika kulia akageuza uso upande wa kwangu, akatafuta. Nikampa. Akashika. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, na kule ndani ya kibanda wakauliza tena na ile sauti ikatoka tena, na mimi nikashindwa hata kufurahi. Nilimziba sikio kwa kiganja. Huyo ndiye mama yake mjukuu wangu anayetaka kwenda kutembea. Ana umri wa kutosha sasa, na ni mnene, namshukuru Mungu.

Karani wa afya alifika juu ya baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni. Sikumtegemea. Aliingia kibandani bila kubisha, nikamsikia akipaza sauti, yule mpole. "Kiapo gani, bwana? Anayeapishwa si huitikia? Huyu mtoto kaitikia nini? Mimi Mwislamu, kwetu mtoto akiumwa tunamsomea dua kwenye maji tunampulizia. Basi nami nitieni ndani!" Wakabishana. Ikatajwa afisa mkubwa, ikatajwa ripoti, mwisho mlango ukafunguliwa. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mlima Kilimanjaro.

Baba alitoka akishika ukuta. Mdomo ulikuwa umepasuka na jicho moja limefunga. Askari yule kijana alimsukuma mpaka kwenye mti, akamwinamisha, akampitisha chini yake, akarudi kusimama penye kivuli akitazama kwingine. Nikamfuata baba mpaka pale mti uliponizuia.

"Ananyonya," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

"Baba, ulikuwa umenikasirikia?"

"Nani, mimi?" Maneno yalimtoka kwa taabu. "Habari ya ndoa niliipata nikacheza. Nilimtuma mtu awaambieni. Ya mtoto ndiyo nimeisikia kwa huyu mama wa ndizi."

"Sasa mbona umekuja kutasa?"

"Si umeniita? Mtu hajui yote yaliyo moyoni mwake." Akageuka akakitazama kile kibanda, na yule askari kivulini, na nikauona uso wa baba yangu ukikaza kwa namna ambayo sijawahi kuiona. "Lakini leo ninayo. Ninayo nyingi, mwanangu. Siwezi kuondoka nayo hivi. Itamrudia huyu."

Chupa yake ilikuwa imelala palepale kwenye vumbi, maji yamebaki kama nusu. Aliiokota. Akapiga funda, na midomo ile ikamuuma, nikaona anafumba jicho lake moja. Akapuliza chini, upande wake wa Tanganyika, akasema kwa sauti ya kusikika, kwa Kiswahili, ili askari asikie kila neno: yule kijana apate usingizi. Watoto wake wanenepe. Mama yake huko bara asisikie habari mbaya.

Maji yalitoka mekundu. Baba akayatazama, akapiga funda jingine, akasema tena yale yale. Alirudia hivyo, mimi nimemkumbatia mtoto ng'ambo ya mti, mpaka maji yakatoka safi.